Mwalimu wa sheria aandike nini? Barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Salamu kutoka Dodoma, sisi hatujambo. Umeniuliza kama ni kweli, wasemavyo wenzako chuoni, kwamba mhadhiri wa sheria aandike makala za majarida tu kwa sababu ndizo zinazompandisha cheo, na mengine yote ni kupoteza muda. Sikubaliani nao. Miaka yangu ya ukarani mahakamani nimeona maandishi ya maprofesa yakifika kwa njia nyingi.

Makala usizidharau. Jarida la Eastern Africa Law Review lilianza 1968, miaka saba baada ya Kitivo cha Sheria kufunguliwa Dar es Salaam, na pale sheria inaponyamaza wakili huenda kutafuta hoja humo. Profesa Chris Maina Peter naye alikusanya kesi za haki za binadamu za Tanzania akazitoa kitabu. Kwa wakili wa mkoani asiye na maktaba, kazi ya namna hiyo ni msaada mkubwa mno.

Ila mtazame Profesa Issa Shivji. Ameandika vitabu vizito kuhusu sheria na wafanyakazi, ameandika na magazetini. Mwaka 1991 Rais Mwinyi alimpa uenyekiti wa Tume ya kuchunguza masuala ya ardhi. Wakazunguka nchi nzima, wakawasikiliza wananchi kwenye mikutano ya hadhara, na 1992 wakakabidhi ripoti. Walitaka ardhi isiendelee kuwa mikononi mwa Rais, na ile ya vijiji iwe chini ya mikutano mikuu ya vijiji. Serikali ililikataa hilo. Sheria za ardhi za 1999 zikamwacha Rais kuwa mdhamini wa ardhi yote. Hata hivyo, kwangu mimi ripoti ile ina uzito kuliko makala mia, kwa kuwa malalamiko ya mkulima yameandikwa humo kama hoja ya kisheria.

Hukumu nayo ni maandishi. Profesa Ibrahim Juma alitoka kufundisha sheria akawa jaji, akafika Mahakama ya Rufani, akawa Jaji Mkuu. Makala hushawishi, hukumu ya Rufani huzibana mahakama za chini ziifuate.

Na Rasimu ya Katiba iliyojadiliwa hapa Dodoma 2014? Profesa Palamagamba Kabudi, naye mwalimu wa sheria, alikuwa mjumbe wa Tume iliyoiandaa, na ilikuwa kwa Kiswahili, kila mtu akaisoma na kuibishania. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama kwa mujibu wa sheria, lakini vitabu vya kuzifafanua sheria zetu kwa Kiswahili bado ni vichache sana. Hapo ndipo ningependa kuona jina lako.

Makala yako ya ardhi ya vijiji ipeleke jaridani kama ulivyopanga. Kisha iandike upya kwa Kiswahili, kurasa chache, uanze na kile kifungu kinachoizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Nitumie nakala, nitaipeleka mwenyewe kwa wajumbe wa baraza la ardhi la kijiji chetu.

Mama yako