Nguvu za vyuma na pumzi za ulingoni: maswali yenu

Nina kilo 84 na kwenye benchi nasukuma kilo 120. Kwenye sparingi (mazoezi ya kupigana na mwenzako) kijana wa kilo 67 ananichezea atakavyo, na ngumi zangu hazimuumizi. Shida nini? (Mabibo)

Benchi inapima unavyosukuma ukiwa umelala, mgongo umeegemea kitu, tena bila haraka. Ulingoni cha kuegemea ni sakafu tu. Ngumi ya mkono wa nyuma inaanzia mguuni: kisigino kinainuka na kugeuka nje, nyonga inazunguka, bega linafuata, mkono unakuja mwisho. Wanyanyua vyuma wengi huanza na mkono huku nyonga imeganda, na kazi yote inabaki kifuani na begani.

Kosa la pili ni kukaza. Msuli wa nyuma ya mkono ndio unaonyoosha kiwiko. Ule wa mbele ukiwa umekazwa unaurudisha, kama dereva aliyesahau kushusha breki ya mkono. Kunja ngumi kwa nguvu pale tu inapogusa. Halafu tazama bega lako kwenye kioo: kama linarudi nyuma kabla ya kupiga, kijana anaiona ngumi hata haijatoka.

Kwa wiki nne, anza kila mazoezi na raundi 3 mbele ya kioo kwa nusu kasi, macho kwenye nyonga. Kisha raundi 3 za begi la kupigia ngumi, nguvu isizidi asilimia 60. Begi likienda mbali na kurudi likibembea, unasukuma. Likijikunja palepale na kutoa mlio mkavu, hapo unapiga.

Raundi ya kwanza niko moto, ya pili mikono inakuwa mizito kama nimebeba matofali. Nakimbia kilomita 10 kila asubuhi. Niongeze? (Mwanza)

Usiongeze. Kilomita 10 za mwendo uleule kila siku zinakuzoesha mwendo uleule, na ngumi ni mambo ya kuwaka na kutulia. Ila kabla ya kulaumu mapafu, mwambie mwenzako akuangalie raundi nzima. Je, unazuia pumzi unapopiga? Je, mabega yamepanda mpaka masikioni? Msuli uliokazwa bila kulegezwa unabana mishipa yake wenyewe na damu haipiti vizuri, kwa hiyo mikono inakufa wakati miguu bado mizima. Kila ngumi itoke na pumzi fupi, na mabega yashuke kila unaporudi nyuma.

Ratiba: mara mbili kwa wiki kimbia dakika 40 kwa mwendo unaokuruhusu kuongea. Siku moja kimbia vipande: dakika 1 kali, dakika 1 ya kutembea, mara 8. Siku nyingine begi raundi 6 za dakika 3, mapumziko dakika 1; katika kila dakika, sekunde 20 za ngumi mfululizo na 40 za jabu (ngumi ya kunyooka ya mkono wa mbele) na miguu. Mtu ahesabu ngumi zako raundi ya kwanza na ya sita. Zikipungua zaidi ya robo, ulianza kwa pupa.

Vyuma vinapunguza kasi? (Arusha)

Hapana. Kinachopunguza kasi ni kufanya seti mpaka ushindwe, kama mjenga mwili, halafu kesho yake kuingia sparingi misuli ikiuma. Siku mbili kwa wiki zinatosha: skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), kunyanyua chuma kutoka chini, kujivuta juu. Seti 4 za marudio 3 hadi 5, ukiacha marudio mawili ambayo ungeyaweza, pumziko dakika 3. Malizia kwa kurusha mpira mzito wa kilo 3 hadi 5 ukutani kwa mzunguko wa nyonga, mara 5 kila upande, seti 4. Shingo isisahaulike, wengi huisahau.

Bondia George Foreman alikuwa na nguvu kuliko Muhammad Ali. Alishindwaje pale Kinshasa? (Lubumbashi)

Watu wanakumbuka tu Ali alivyoegemea kamba za ulingo. Kumbuka pia hesabu: kabla ya tarehe 30 Oktoba 1974, Foreman alimmaliza Frazier kwa raundi 2, Roman kwa 1, Norton kwa 2. Mapambano matatu, raundi tano, karibu miaka miwili. Nguvu zake zilimnyima mazoezi ya raundi ndefu. Ali, mwenye miaka 32 dhidi ya 25, aliegemea kamba, akapokea ngumi nyingi mikononi, akamvuta shingo kila walipokumbatiana, na akajibu kwa ngumi za kunyooka usoni. Raundi ya 8 Foreman akaanguka.

Utamu uko mbele: mwaka 1994, akiwa na miaka 45, Foreman huyohuyo alimwangusha bingwa wa uzito wa juu Michael Moorer raundi ya 10. Kasi haikuwepo tena, ila sasa alijua kutunza pumzi.

Kama ufundi ndio mwenye nyumba, madaraja ya uzito ya nini? (Mombasa)

Kwa sababu ufundi ukilingana, kilo ndizo huamua. Kwenye judo, Mholanzi Anton Geesink, karibu mita 2, alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1961 na dhahabu ya daraja la wazi (lisilo na kikomo cha uzito) kwenye Olimpiki ya Tokyo 1964. Alikuwa na mwili na ufundi pia. Hapo mwembamba hana pa kutokea. Kwenye mieleka na judo, ambako mnashikana, nguvu zina uzito zaidi kuliko kwenye ngumi.

Upande wa pili yupo Mariusz Pudzianowski wa Poland, mara tano mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani. Mwaka 2010 alikutana na Tim Sylvia, bingwa wa zamani wa UFC, ligi ya mapigano ya kuchanganya ngumi, mateke na kukabana. Pumzi ilikata, akasalimu amri raundi ya pili.

Ukipewa mtu aliyekuzidi kilo 15 kwenye sparingi, kubalianeni kabla ya kengele: kichwani anagusa tu, mwilini nusu nguvu. Akikataa, shuka ulingoni.