Mkuu wa idara, kaa kiti cha nyuma

Kuandaa walimu si kazi ngeni kwa kanisa Unguja. Kiungani, skuli ya misheni ya Kianglikana, ilikuwa ikiwatoa tangu karne ya 19, hadi ilipohamia Minaki, bara, mwaka 1925. Anayesahaulika leo ni mhadhiri wa chuo cha kanisa aliyekwisha kuajiriwa: ana shahada, ana funguo za ofisi, na hakuna anayeingia darasani mwake tena. Sala ya asubuhi ni njema, lakini haimfunzi mtu namna ya kuuliza swali. Hiyo ni kazi ya mkuu wa idara: aingie darasani, akae nyuma, aangalie somo, kisha wazungumze.

Kutaneni na mwalimu siku moja kabla ya ziara hiyo; dakika 15 zatosha. Aseme mwenyewe anataka uangalie nini. Ukimvamia, utakachokiona ni hofu yake.

Karatasi yako iwe na safu tatu: saa, anachofanya mwalimu, wanachofanya wanafunzi. Safu ya tatu ndiyo yenye faida, na ndiyo hubaki tupu, maana jicho humfuata anayesema. Basi kila dakika 5 wageukie wanafunzi. Andika "wanne wa nyuma hawajafungua daftari", usiandike "darasa limepoa".

Hesabu pia kimya cha baada ya swali. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alionesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi wakishauliza hungoja kiasi cha sekunde 1 tu. Wakisubiri sekunde 3, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kwetu muda huo ni adhimu zaidi. Swali limekuja kwa Kiingereza, mwanafunzi analigeuza Kiswahili, anafikiri, kisha anatafuta maneno ya kurudi nayo. Akiwa bado njiani, mwalimu keshajibu.

Mazungumzo yafanyike ndani ya siku mbili, kabla somo halijasahaulika. Hapa ndipo vyuo vya kanisa huteleza: kwa kuogopa kumuumiza ndugu, mkuu humwaga sifa, na mwalimu hutoka hana alichopata. Huo si upendo. Mwekee hesabu mezani: "Maalim, umeuliza maswali 11, manane umeyajibu mwenyewe. Wewe umeonaje?" Kisha nyamaza. Chagueni jambo moja tu la kurekebisha, urudi baada ya wiki tatu kuangalia hilo hilo.

Karatasi abaki nayo mwalimu. Siku itakapoingia kwenye faili la mkataba au la kupandishwa cheo, utaanza kuoneshwa masomo ya maonyesho.

Chunga na ratiba. Ikiwa darasani mna wanaofunga, usipange ziara alasiri ya Ramadhani, wala kipindi kinachokaribia sala ya Ijumaa. Utapima uchovu na haraka, kisha umlaumu mwalimu.

Na ziara ya kwanza kabisa iwe kwenye somo lako wewe. Mwite mwalimu mdogo kuliko wote idarani, mpe karatasi ya safu tatu, akae nyuma aandike.