Mkuu, usilipe hicho kinanda kabla kampuni iliyokitengeneza haijakujibu

Usitume hiyo hela kesho. Umesema umepata sintesaiza, yaani kinanda cha umeme cha kutengenezea toni zako mwenyewe, ya mtumba Kariakoo kwa milioni mbili na laki mbili, muuzaji anadai waranti ipo, nawe unauliza kama ni rahisi kutumia, kama inafaa kwaya na studio ya nyumbani, na uiunganishe na spika gani. Nimesoma nikaishiwa nguvu. Mwaka 2019 nilipita njia hiyo hiyo, tena kwa hela isiyo yangu.

Ilikuwa michango ya kwaya yetu hapa Mwanza. Kina mama wengi wa kwaya ile wanauza dagaa mwalo wa Kirumba. Walichanga elfu tano tano kwa miezi minane mpaka ikatimia milioni mbili na nusu, wakanikabidhi mimi kwa kuwa ndiye mpiga kinanda. Winga, yaani dalali aliyekuwa anakiuza, akanipigia simu ya video, akabonyeza toni nne tamu, akasema, "Kampuni hii ina huduma kwa wateja dunia nzima, kikisumbua unawaandikia tu." Nikalipa. Kikaja na basi.

Wiki ya tatu noti zikaanza kuganda. Unaachia kibonyezo, sauti inaendelea kulia. Jumapili moja ikaganda katikati ya sala, nikachomoa waya ukutani kanisa zima likinitazama. Nikawaandikia kampuni. Jibu la kwanza lilikuwa la mashine. Siku ya 19 mtu akaomba risiti na ile namba iliyobandikwa chini ya kinanda. Nikatuma. Wakanijibu kwamba kinanda hicho kiliuzwa Japani, na waranti yao ni ya nchi kilikouzwa, kwa mnunuzi wa kwanza tu. Fundi wangu wa Makoroboi, anayefufua amplifaya ambazo wengine wamezitupa, akaomba mchoro wa saketi ajaribu. Wakakataa, michoro ni ya mawakala wao, na wakala Tanzania hawana. Gharama ya kukipeleka Japani na kukirudisha ilizidi nusu ya bei niliyonunulia.

Kikafunikwa kitambaa. Hakuna mama aliyenisema, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Yule winga alijua. Nilipompigia akasema yeye anauza, hatengenezi. Mtu anayekula hela ya dagaa kwa kutaja huduma ambayo hajawahi kuijaribu hata mara moja, mimi namwita mwongo na sitambadilishia jina.

Kwa hiyo fanya hivi, mkuu: iandikie kampuni wewe mwenyewe KABLA ya kulipa. Wape namba ya kinanda hicho, uliza kiliuzwa nchi gani, waranti imebaki kiasi gani, na fundi wa Tanzania akihitaji kipuri atakipata wapi. Wape siku kumi. Wasipojibu mtu anayetaka kununua, hawatamjibu aliyekwisha nunua.

Kuhusu urahisi wa kutumia, wingi wa vitufe usikudanganye, na uchache wake pia. Sintesaiza ya zamani iitwayo Minimoog, ya 1970, karibu kila swichi ina kazi yake moja, unaona ulichofanya kwa macho. Nyingine, Yamaha DX7 ya 1983, ilitikisa dunia kwa sauti zake, lakini kuitengenezea toni mpya unapitia menyu kwenye kiskrini cha mistari miwili na kitelezi kimoja, na wengi walibaki na toni za kiwandani tu. Kipime mwenyewe au mtume mpigaji unayemwamini: atengeneze toni moja bila kitabu, aihifadhi, azime, awashe, aipate. Vinanda vingi ukihamia toni nyingine kabla ya kuhifadhi, kazi yote inapotea. Na kama ni cha zamani, uliza betri ya ndani inayotunza kumbukumbu ilibadilishwa lini.

Angalia pia umeme. Cha Japani ni volti 100, cha Marekani 120, wetu ni 230. Soma maandishi ya kwenye adapta kabla ya kuchomeka popote.

Lakini anza na barua ile. Mwambie muuzaji leo hii akupigie picha ya namba iliyo chini au nyuma ya kinanda. Akianza kukuzungusha kwa picha moja tu, kata simu, hela ibaki kwako.