Swali la lugha: Kijana aliyegeuzwa mnyama, analia au linalia?

SWALI: Nina duka la kuwawekea watu filamu kwenye flashi, mjini Morogoro. Kila filamu mpya huiandikia maelezo mafupi na kuyabandika ukutani. Juzi niliandika hivi: “Mzee anamteka kijana, anamgeuza walrasi, na mwishowe linalia kama binadamu.” Mteja wangu mmoja, mwalimu, akanikosoa mambo matatu. Anasema lazima iwe “anamteka nyara”, lazima iwe “anamgeuza kuwa”, na “linalia” ni kosa kwa sababu mnyama ni ngeli ya A-WA. Mimi naona kitu kile hakistahili “a”. Nani yuko sahihi?

JIBU: Mwalimu kapata mawili na nusu, na wewe kosa lako kubwa ndilo lenye hoja nzuri kuliko zote. Lakini kwanza niwaeleze wasomaji wengine tunazungumzia nini.

Filamu ni Tusk, ya mwongozaji Mmarekani Kevin Smith, iliyotoka mwaka 2014. Wallace, mtangazaji wa podikasti (kipindi cha kusikiliza mtandaoni) anayeishi kwa kuwacheka watu, anasafiri hadi Manitoba, Kanada, kumhoji kijana aliyejikata mguu kwa upanga mbele ya kamera. Anakuta kijana mwenyewe amekufa. Ili safari isiende bure, anafuata tangazo aliloliona kwenye choo cha baa: mzee anatoa chumba bure kwa atakayekubali kusikiliza hadithi zake. Mzee huyo, Howard Howe, anamkaribisha chai. Wallace anaamka hana mguu mmoja, anaambiwa aliumwa na buibui. Kumbe mzee aliwahi kuokolewa na walrasi, mnyama mkubwa wa baharini mwenye meno mawili marefu, baada ya meli kuzama, kisha akamla mwokozi wake, na sasa anataka kumpata tena kwa kumtengeneza kutokana na mtu. Inachekesha na kutia kinyaa kwa pamoja. Mimi niliitazama kwa vipande viwili, cha pili baada ya chakula cha jioni kushuka vizuri. Wazo lenyewe lilitokana na tangazo la mzaha la Uingereza, la mwenye nyumba aliyetaka mpangaji asilipe kodi bali avae vazi la walrasi kwa muda kila siku.

Tuanze na “nyara”. Nyara ni kile kinachonyakuliwa vitani au porini, mali au watu. Ndiyo maana sheria za wanyamapori Tanzania zinayaita meno ya tembo “nyara za serikali”. Mtu akitekwa nyara, amechukuliwa kama mali ya ushindi. Siku hizi “ametekwa” peke yake linatosha, magazeti yanaliandika kila wiki na hakuna anayedhani mtu kachotwa kisimani kama maji. Kwa hiyo hapo mwalimu hana haki ya kusema “lazima”. Nusu alama nampa kwa sababu katika filamu hii neno linapendeza: mzee anamfanya mtu nyara kwelikweli, pembe na yote.

Ila nina shaka na “kuteka” lenyewe. Kuteka kuna nguvu ndani yake: kuvizia, kukamata, kuingiza garini. Wallace alibisha hodi mwenyewe, akaketi, akanywa chai. Aliyefanyiwa hivyo ameleweshwa, amenaswa. Kutekwa kunaanza pale anapotaka kuondoka asiweze.

La pili, “anamgeuza walrasi”. Kwa kawaida Kiswahili hakihitaji “kuwa” hapa. Tunasema “aligeuka jiwe”, “jini lilijigeuza paka”, na wote wanaelewa. Uswahilini mtu “anachukuliwa msukule”, si “anachukuliwa kuwa msukule”. Lakini isome sentensi yako tena kwa sauti: mzee anamgeuza walrasi. Unaona? Kuna walrasi kalala kifudifudi na mzee anamlaza chali, kama muuguzi anavyomgeuza mgonjwa kitandani. “Geuka” haina tatizo hilo kwa sababu haina mtendwa. “Geuza” inaye, na jina linalofuata mara moja linajitia kuwa ndiye. Weka “kuwa”, walrasi arudi mahali pake. Biblia ya Kiswahili inafanya hivyohivyo kuhusu harusi ya Kana: Yesu “alipoyafanya yale maji kuwa divai”. Ondoa “kuwa” hapo uone maji yanavyobaki hayajui yaende wapi.

Na ukiwa na kalamu mkononi, angalia irabu ya mwisho. “Mzee alimgeuza kijana” ni upasuaji. “Mzee alimgeuka kijana” ni usaliti: walikuwa pamoja, akamwendea kinyume. Nimeshaona ubao mmoja wa kibanda umiza, vile vya kuonyeshea video mtaani, wenye “alimgeuka kuwa nyoka” na nikakaa nikijiuliza nani sasa ni nyoka.

Jina la mnyama nisilikawize. Pwani yetu haina walrasi, ni mkazi wa bahari za barafu kaskazini, dume lake hupita uzito wa tani moja, na wavuvi wetu hawakuwa na sababu ya kumpa jina. “Walrasi” yako inatamkika, ibaki. Ila usiandike ana “pembe” bila kufikiri. Kiswahili kimezoea kuita pembe kile ambacho ni jino: pembe za ndovu, ambazo wafanyabiashara wa Zanzibar walizigawa hata kwa majina, buri kwa kubwa na kalasha kwa ndogo. Za ndovu ni meno ya mbele yaliyorefuka. Za walrasi ni chonge, yale meno makali ya pembeni uliyonayo wewe na mbwa wako. Wataalamu walimpa jina la kisayansi, Odobenus, lenye maana ya anayetembea kwa meno, maana huyatumia kujivutia juu ya barafu. Na katika filamu si pembe wala chonge: mzee anazichonga kutokana na mifupa ya muundi wa Wallace mwenyewe.

Sasa “linalia”. Kisarufi mwalimu ana haki, na sababu iko hivi. Kwenye A-WA, umbo la jina halina kauli, uhai ndio wenye kauli. Kiboko akizama mtoni tunasema “amezama”, ingawa jina linaanza na “ki”. Kiboko cha kuchapia kikivunjika tunasema “kimevunjika”. Jina ni lilelile, tofauti ni pumzi. Ndiyo maana Kiswahili hakikupata taabu ambayo lugha nyingine zingeipata na filamu hii. Kiingereza kinalazimika kuamua ni lini kijana anaacha kuitwa kama mtu na kuanza kuitwa kama kitu. Kwetu Wallace ni “a” akiwa na miguu, ni “a” akiwa amekatwa ulimi, na ni “a” akiwa ameshonewa ngozi za watu wengine kama vazi. Mzee amembadilisha kila kitu isipokuwa kiambishi.

Msukule pia yuko hivyo. Inasemekana naye hukatwa ulimi asiseme, hulimishwa usiku, na kaburini kwake huzikwa mgomba. Wingi wake tunauita “misukule”, umbo la miti na mizigo. Lakini sikiliza watu wanavyosimulia: “misukule wawili walionekana shambani.” Wameonekana, si imeonekana. Hata aliyeamini kwamba mtu yule kabaki ganda tu, ulimi wake unamwachia ubinadamu.

Lakini wewe hukukosea kwa kutojua. Sikio lako lilitaka “li” kwa sababu Kiswahili kina mlango wa kutokea A-WA, na mlango huo ni wa kutisha. “Zimwi likujualo halikuli likakwisha.” Hakuna anayesema “zimwi akujuaye” katika methali hiyo. Jitu, zimwi, dubwana, joka: masimulizi mengi huyapa “li”, na msikilizaji hujua papo hapo kwamba hapa si kiumbe wa kuomba msamaha. Vitabu vya sarufi vitakwambia vyote hivyo vina uhai na vichukue “a”. Sawa, nawe unaweza kuandika “jitu yule alikuja”. Mtoto anayesikiliza hatajificha nyuma ya mama yake.

Kwa hiyo “li” ni halali, ila ni lazima uilipie kwa jina. Katika sentensi yako hakuna zimwi wala jitu, kuna kijana na walrasi, wote wa “a”, halafu ghafla “linalia”. Hilo “li” limetoka wapi? Limetoka kwako. Ni wewe uliyemmalizia mzee kazi yake.

Halafu kuna “kulia” kwenyewe. Mwishoni mwa filamu Wallace yuko kwenye kituo cha wanyama, mpenzi wake anamtupia samaki na kumkumbusha maneno ya babu yake, kwamba kulia ndiko kunakomtenga binadamu na wanyama. Chozi linamtoka. Ukiandika “analia” tu, msomaji wa Kiswahili hataona ajabu yoyote, kwani kwetu paka analia, kengele inalia, hata mlango usiotiwa mafuta unalia. Simba ananguruma, mbwa anabweka, lakini wote hao ukiwaweka kwenye “lia” wanaingia bila kusukumwa. Unachotaka hapo ni machozi, basi yataje.

Na ile “li” yako usiitupe. Mpe anayeistahili. Kiswahili kinakuruhusu kumkuza mzee hadi awe zimwi kwa kuondoa herufi moja tu: mzee anakuwa zee. Bandika hivi:

“Zee moja linamlewesha kijana kwa chai, linamgeuza kuwa walrasi, na mwishowe kijana anatokwa na machozi.”

Na chini yake, kwa herufi kubwa, andika kwamba haiwafai watoto.