Mama ana betri ya moyo, je, mionzi itamdhuru?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 68, tunaishi Kongwa. Ana betri ya moyo chini ya mtulinga wa kushoto. Amefanyiwa upasuaji wa saratani ya titi la upande huohuo, na sasa amepewa rufaa ya mionzi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam. Majirani wanasema mionzi itaizima betri. Je, ikifunikwa kwa bamba la madini ya risasi atakuwa salama? – Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba. Tafadhali mama asiache mionzi kwa kuogopa betri. Wenye betri hupigwa mionzi na kumaliza salama, mradi wataalamu wajue mapema kuwa ipo.

Kinachoweza kudhurika ni saketi za kielektroniki zilizomo ndani ya kifaa hicho tunachokiita betri. Kwanza, dozi hujilimbikiza siku hadi siku. Kwa hiyo kifaa hakiachwi kwenye njia ya mionzi, na wataalamu hujitahidi jumla inayokifikia isizidi grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Ikionekana itapita grei 5, pembe za mionzi hupangwa upya, au hufikiriwa kukihamishia upande wa pili. Pili, mashine ikitumia nguvu inayozidi megavolti 10 huzalisha nyutroni (chembe ndogo mno zitokazo ndani ya atomu), na hizo zinaweza kuvuruga kumbukumbu ya kifaa ghafla, hata kikiwa mbali na eneo linalotibiwa. Kwa titi, megavolti 6 kwa kawaida hutosha. Mashine ya mionzi inayotumia madini ya kobalti haitoi nyutroni kabisa.

Bamba la risasi juu ya ngozi haisaidii sana, kwa sababu mionzi mingine hutawanyika ndani kwa ndani mwilini hadi kukifikia kifaa.

Kwa mama yako, swali kubwa ni umbali. Kama tezi za juu ya mtulinga nazo zitapigwa mionzi, kifaa kitakuwa jirani mno. Semeni kabla ya siti skani ya kupanga tiba, ili kichorwe kwenye picha na dozi yake ikokotolewe.

Kabla hamjapanda treni pale Dodoma, tafuteni kadi ya kifaa: kampuni, modeli, tarehe ya kuwekwa na kiwango cha chini cha mapigo. Hapa ndipo wengi hukwama, maana mashine ya kukagulia ya kampuni moja haisomi kifaa cha kampuni nyingine. Ulizeni kliniki ya moyo nani atakikagua kabla ya siku ya kwanza na baada ya siku ya mwisho. Hatari ikiwa kubwa, kila wiki. Ulizeni pia kama moyo wake unategemea betri kwa kila pigo. Kama ndivyo, afuatiliwe kwa kamera na kipima mapigo akiwa chumba cha mionzi.

Kifaa kikiwa cha aina inayoweza pia kuushtua moyo kwa umeme, uwezo wa kushtua husimamishwa wakati wa mionzi, na lazima urudishwe kabla hajaondoka.

Nyumbani, mhesabieni mapigo mkononi kila jioni kwa dakika nzima. Kadi ikiandika 60 nanyi mkapata 45, au akiona kizunguzungu au kuzimia, mpelekeni hospitali usiku huohuo.