Jibu: "train" ya reli na "train" ya kufundisha
Ndugu yangu wa Kigoma, umeuliza imekuwaje Waingereza waite gari moshi "train", halafu watumie neno hilohilo kwa kufundisha. Mzizi ni wa Kilatini, "trahere", yaani kukokota. Likapitia Kifaransa cha kale. Mwanzoni halikuhusu reli hata kidogo: lilikuwa pindo refu la gauni linaloburuzika chini, tena msafara wa watu wanaomfuata mkubwa. Mabehewa yakarithi jina miaka ya 1820. (Sisi wa Tabora, njia panda ya reli ya Kigoma na Mwanza, kukokotwa tunakujua!) Maana ya kufundisha ilipitia bustanini: kuuvuta mmea ukue upande unaoutaka, kama pasheni kwenye uzio. Trekta nayo ni ya ukoo huohuo.