Ranki ya Shanghai haipimi ufundishaji

Wapo wanaodhani chuo kikiwa juu kwenye ile ranki ya Shanghai, orodha ya vyuo vikuu bora duniani iliyoanza 2003, basi wanafundisha vizuri. Hapana, haimaanishi hivyo. Angalia vigezo vyao, asilimia 20 ni makala kwenye majarida ya sayansi ya Nature na Science, 20 wanataaluma wenye Nobel au Medali ya Fields (tuzo kubwa ya hisabati), 20 watafiti wanaonukuliwa sana, darasani kwenyewe hawaingii kabisa, labda useme ile 10 ya wahitimu walioshinda hizo tuzo. Sasa chuo kikishakimbilia namba hizo, mhadhiri anayekesha akisahihisha kazi za wanafunzi anapitwa cheo na mwenye makala nyingi, na hilo linaniuma kweli. Ila ranki ya Times Higher Education, jarida la Uingereza la elimu ya juu, ina kipengele cha ufundishaji, japo karibu nusu yake ni maoni ya wanataaluma wenzao tu.